Kimya cha Muhumba Ni cha Nani?



Tangu mwanzo wa trimesta hii kuna neno linalozunguka katika madarasa, kwenye kantini, na hata katika kikao cha komite ya wazazi. Neno lenyewe ni hili: ile sehemu ya konsesio ya shule iliyo chini ya uwanja wa mpira, yenye miti, ikatwe viwanja, viwanja viuzwe, na pesa isaidie shule. Wengine wanafurahi, wengine wananung'unika. Mara nyingi wananiuliza: "Kapita, weye unasema namna gani?" Basi ninajibu hapa, waziwazi, mbele ya wote.

Ninasema hapana. Miti ile isikatwe, na udongo ule usiuzwe. Lakini ninalo neno la pili, na hilo wenzangu wa upande wangu hawapendi kulisikia: kama tunakataa kuuza ili tubaki na raha yetu peke yetu ndani ya ukuta, basi hatuna haki ya kukataa. Nitaeleza moja moja.

Mtaa wetu ni wa namna gani?

Mji wa Bukavu unakaa juu ya ndimi za nchi zilizoingia ndani ya Ziwa Kivu. Watu huzifananisha na vidole vitano vya mkono. Muhumba ni kimoja cha vidole hivyo, katika komine ya Ibanda. Maji yako kushoto, maji yako kuume, maji yako mbele. Ndiyo maana wakaaji wake hupenda kusema: "Sisi tuko kisiwani." Wenzetu wanaotoka Idjwi wakisikia hivyo wanacheka, na wana haki. Wao wametoka katika kisiwa cha kweli, kikubwa kupita mji huu wote mara kadhaa, na bila mashua hawawezi kuja kusoma huku.

Hata hivyo neno hilo lina maana yake. Toka Kadutu asubuhi. Pita sokoni, katikati ya motari wanaopiga honi, mama wenye magunia ya makala mgongoni, na wauzaji wa simu wenye bafle mbele ya duka. Teremka mpaka Nyawera, kisha geuka uingie Muhumba. Baada ya dakika chache unasikia kama masikio yako yamefunguliwa. Kuko ndege. Kuko upepo katika mikalitusi na katika miti ya parachichi. Usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza juu ya maji, na kama ziwa limetulia unawasikia wakiimba. Ndani ya mji unaohesabiwa kupita watu milioni moja, mahali kama hapo pamebaki pachache sana.

Kimya hiki kilitoka wapi?

Hapa tusidanganyane. Wazee wa Bushi wanaeleza ya kwamba jina Bukavu limetoka katika neno la ng'ombe kwa Kishi, nkafu. Ni kusema kabla ya nyumba za mawe palikuwa malisho. Wabelgiji walianzisha mji wao mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 wakauita Costermansville, jina la mkubwa wao mmoja. Jina la Bukavu lilirudi kabla ya uhuru wa 1960. Katika miaka ile, kando ya ziwa palikuwa pa wazungu: viwanja vipana, bustani, barabara zenye miti. Watu weusi walipangiwa Kadutu, kisha Bagira iliyojengwa katika miaka ya 1950, nyumba karibu na nyumba. Babu zetu waliingia huku Muhumba asubuhi kufanya kazi ya mpishi au ya bustani, na jioni wakarudi kwao.

Basi miti hii haikupandwa kwa ajili yetu. Waliomwagilia maji walikuwa weusi, lakini waliokaa kivulini walikuwa wengine. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia: "Kapita, ile ni miti ya ukoloni, ikatwe tu!" Ninamwelewa. Lakini ninamwuliza: barabara ya ukoloni umeivunja? Shule waliyoacha umeibomoa? Kitu kizuri kilichofungiwa wachache, dawa yake ni kufungua mlango. Ukikiharibu, yule aliyefungiwa nje anabaki bila kitu mara ya pili.

Sasa nijibu sababu za wale wanaotaka kuuza.

Kwanza, wanasema shule haina pesa. Ni kweli, na sitaki kuicheka sababu hii. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masomo ya bure katika shule za msingi, lakini sisi wa sekondari wazazi wetu wanaendelea kulipa. Baba mwenye watoto wanne anauza mbuzi, anakopa, anaomba ngoja-ngoja. Mwalimu naye anangoja mshahara na nyumbani kwake wanangoja unga. Mimi mwenyewe nimeona wenzangu wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya deni. Ninayajua hayo.

Lakini fikiri vizuri: mwalimu hulipwa kila mwezi, kiwanja huuzwa mara moja. Pesa ya kiwanja italipa mwaka mmoja, labda miwili, paa litatengenezwa, meza zitanunuliwa. Mwaka wa tatu tutakuwa na deni lile lile, na miti hakuna. Hapo tutauza nini? Uwanja wa mpira? Halafu darasa? Mtu anayekula mbegu anashiba siku moja. Tena tukumbuke ya kuwa kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo wa nchi yetu ni mali ya Serikali. Mtu au kundi wanapewa haki ya kuutumia. Wanafunzi wa mwaka huu tuko huku miaka michache tu. Kwa haki gani tuwauzie wale wa mwaka 2040 mahali pao?

Pili, wanasema: "Watu hawana mahali pa kulala, ninyi mnalinda miti!" Hii ndiyo sababu yenye nguvu kupita zote, na inaniumiza. Mji huu ulijaa kwa huzuni. Mwaka 1994 wakimbizi walivuka kutoka Rwanda. Tangu 1996 vita vilifuatana, na watu wa vijijini walikimbilia mjini na watoto mgongoni. Walijenga walipoweza: juu ya miinuko, katika mabonde, kando ya mifereji. Hakuna mwenye akili atakayewalaumu.

Lakini jiulize: ni nani atakayenunua viwanja vyetu? Je, ni mama aliyekimbia kijijini kwake, anayepanga chumba kimoja kule Funu au Cimpunda? Mama yule hanunui kiwanja Muhumba, hata akiuza nyanya miaka ishirini. Atakayenunua ni mwenye dola, mwenye nyumba nyingine mbili, atakayejenga gorofa, ukuta mrefu, na nyaya zenye miiba juu ya ukuta. Asiye na nyumba atabaki bila nyumba. Tusimtumie maskini kuwa kisingizio cha tajiri.

Tatu, wanasema miti haina kazi, inakaa bure. Neno hili ndilo baya kuliko yote, maana linaonyesha ya kwamba jiografia tunaikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Bukavu iko juu ya meta 1,460, mvua yake ni nyingi, na inanyesha tangu mwezi wa tisa mpaka mwezi wa tano. Udongo wetu umetoka katika mawe ya volkano yaliyooza tangu zamani sana, ni udongo mzito unaonywa maji kisha unateleza. Wakaaji wa Funu na wa miinuko mingine wanajua maana yake: udongo unateremka na nyumba, wakati mwingine na watu waliolala ndani. Tena ardhi yenyewe hutikisika, kama lile tetemeko la 3 Februari 2008 lililobomoa nyumba nyingi.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mvua moja kubwa ya milimita 50 ikianguka juu ya bati la meta mraba 100 inaleta lita 5,000. Gawanya kwa bido ya lita 20: ni bido 250. Kama viwanja ni kumi na kila kimoja kina bati la namna hiyo, ni bido 2,500, kwa mvua moja, mchana mmoja. Leo maji yale yanaangukia majani, yanashuka polepole, mizizi inayashika, udongo unayanywa. Siku miti itakapokatwa na mahali pale pakapigwa sementi, bido 2,500 zitateremka pamoja kwa nguvu. Zitateremka kwa nani? Chini ya miti yetu kuna njia, na chini ya njia kuna nyumba za jirani zetu wanaoishi kwa uvuvi. Wao hawakualikwa katika kikao cha komite. Hawatapata hata franka moja. Watapata matope.

Na matope hayo hayaishii mlangoni kwao. Yanakwenda ziwani, pamoja na chupa na vifuko vya plastiki vya mji wote. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Ruzizi, unaotoka huku Bukavu kwenda Tanganyika. Karibu na mji, juu ya mto huo, kuna bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki inayotupwa mfereji wa Kadutu au ufuko wa Muhumba inasafiri mpaka pale, inaziba mashine, na umeme unakatika. Halafu sisi tunakaa gizani na kitabu cha hesabu mkononi tunauliza: "Juu ya nini wamekata moto?" Kumbe sehemu ya jibu tumeitupa sisi wenyewe kwenye maji.

Ndiyo maana ninasema mtaa huu si kisiwa kwa kweli. Mvua ya juu inapita kwetu, taka za juu zinapita kwetu, na giza likija linatuingia wote, wa Muhumba na wa Kadutu. Yule anayefikiri atakaa kimya huku chini huku mji unaporomoka kule juu, anajidanganya.

Sasa nije kwa neno langu la pili, kwa ninyi mnaopenda miti kama mimi.

Mnapenda miti, vema. Lakini mnampenda nani chini ya miti? Katika shule yetu wengi hawalali Muhumba. Wanatoka Kadutu, Nyamugo, Panzi, hata Bagira, wengine kwa miguu zaidi ya saa moja. Kwao watu saba katika vyumba viwili. Upande mmoja nganda inapiga muziki mpaka usiku wa manane, upande wa pili gurupu ya jirani inanguruma. Na sisi watu wa makanisa tusijifiche: kuko maombi ya usiku yenye bafle nne, na mtoto wa jirani ana mtihani kesho yake. Mwanafunzi wa namna hiyo atasoma saa ngapi? Kama ana akili sawa na yule wa Muhumba, lakini hana saa mbili za kimya kwa siku, mbele ya egzameni ya Serikali hawako sawa.

Kimya ni kitu cha kusomea kama vile kitabu na kalamu. Tena ni kitu cha ajabu: tukikaa watu mia chini ya miti na kila mmoja anasoma, kimya hakipungui. Mkate ukigawanywa kwa mia kila mtu anapata kipande. Kimya kinabaki kizima kwa kila mmoja.

Lakini sisi tunafanya nini? Saa tisa mchana sentineli anafunga lango. Wa Muhumba wanarudi kwenye bustani zao, wa Kadutu wanarudi kwenye kelele. Mwezi uliopita wanafunzi wa shule nyingine waliomba kuketi chini ya miti yetu kwa saa moja tu, wakaambiwa hapana, mahali pana wenyewe. Ni nani basi atakayetusaidia kuitetea miti, siku wenye dola wakija? Mtu hatetei kivuli ambacho hajawahi kukikalia. Ukuta tunaojenga ili kulinda mahali hapa ndio unaotuondolea marafiki wa mahali hapa.

Mtu mmoja ataniambia: "Tukifungua lango, kelele itaingia." Ninajibu: kimya hakiletwi na ukuta, kinaletwa na adabu. Ziko nyumba za watu wakubwa huku huku Muhumba ambazo siku ya arusi zinapiga bafle mpaka asubuhi. Na nimeona wanafunzi mia mbili wa Kadutu katika chumba cha mtihani, usisikie hata kikohozi.

Tena kimya hakiko cha namna moja. Katikati ya mwezi wa pili mwaka 2025 mji wote ulinyamaza, hata Kadutu. Watu walifunga milango, maduka yalifungwa, njia zikabaki tupu. Kilikuwa kimya cha woga, na hakuna anayekitamani tena. Siku zile tulijifunza ya kwamba kelele ya soko, ya watoto, ya mama wanaobishana bei, ni dalili ya uzima. Mimi sipigani na kelele hiyo. Ninataka mji wenye soko lake, na kando yake mahali ambapo mtu anaweza kuketi, akasikia mawazo yake mwenyewe, kisha akarudi sokoni. Mji wenye la kwanza bila la pili unachosha watu wake. Mji wenye la pili kwa matajiri tu unachonganisha watu wake.

Basi ninapendekeza nini? Kukataa tu si kazi ya mtu mzima.

Moja: lango la chini lifunguliwe kila siku ya masomo tangu saa nane mpaka saa kumi na moja na nusu, kwa kila mwanafunzi mwenye daftari, wa shule yetu na wa shule nyingine. Makapita wa madarasa watafanya zamu, nami nitaanza zamu ya kwanza. Anayeleta kelele anatoka.

Mbili: kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apande mti mmoja, grevilea au parachichi, autunze mpaka amalize. Sehemu yenye mteremko mkali ipandwe majani yanayoshika udongo. Tuwe na kitalu cha miche, tuuze miche kwa wazazi wanaojenga juu ya miinuko, ambako ndiko inahitajiwa zaidi.

Tatu: mabati ya madarasa yafungwe mifereji, na maji ya mvua yaingie katika matangi. Bido 250 kwa bati moja, tumekwisha kufanya hesabu. Leo tunatuma watoto wadogo kuchota maji mbali wakati wa saa za masomo.

Nne: Jumamosi moja kwa mwezi tufanye salongo, tusafishe ufuko na mfereji unaotoka juu, pamoja na jirani zetu wavuvi. Wao pia waitwe katika kikao cha komite. Ni udongo wa juu ya vichwa vyao tunaozungumza.

Je, haya yote yataleta pesa kama ile ya viwanja? Hapana. Parachichi na miche haitalipa mishahara, sitaki kuwadanganya wazazi wangu. Kwa ajili ya pesa, komite iweke hesabu za shule wazi mbele ya wazazi wote, tuone deni ni kiasi gani, nani amelipa, nani ameshindwa, na nani anaweza lakini hataki. Labda tukiona hesabu tutapata njia nyingine ambayo hatujaifikiri. Kuuza udongo kabla ya kuonyesha hesabu ni kama kumkata mgonjwa mguu kabla ya kumpima.

Ndugu zangu, komite itakaa tena mwisho wa mwezi huu. Ninaomba kila darasa lijadili neno hili, wale wanaokubali na wale wanaokataa, bila kutukanana. Shefu wa darasa aandike maoni katika karatasi moja, aweke na hesabu ya mikono iliyoinuliwa, alete kwangu kabla ya Alhamisi. Nitazipeleka zote kwa ndugu prefe wa masomo, hata zile zinazonipinga mimi. Na wewe unayetoka mbali, ambaye jioni huna mahali pa kusomea, andika la kwako kwanza. Neno lako lina uzito kupita la kwangu.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho